Muhuri wa Kirralee

Binti yangu Kirralee amepata kazi serikalini, Canberra, kati ya wahitimu ishirini tu wa makabila ya wenyeji wa asili waliochaguliwa Australia nzima. Sketi ya ofisini nimemshonea mwenyewe.

Mdogo wangu Coral, hujambo. Huku kuku wanataga, paa bado linavuja.

Sasa nasikia wewe na kamati yako ya kabila mmekataa kupiga muhuri barua ya kuthibitisha kwamba ni Mwiradjuri, wa kabila letu. Eti ulisema mbele za watu, "Huyo si wetu. Hata kwenye mazishi ya bibi yake hakuja." Mtoto uliyemwogesha wewe, Coral? Yeye anakuita mama, wewe unamwita mgeni. Una roho mbaya, na unayo tangu utotoni.

Msiba huo sikumwambia. Nilimficha mpaka amalize mitihani, na hadi leo haongei nami vizuri. Basi nichukie mimi.

Bila barua hiyo, Jumatatu nafasi anapewa mwingine. Piga muhuri, uilete mwenyewe.

Ni mimi dada yako, Noelene. Kumuaga ni hapa kwangu, mikia ya kangaruu ipo, ukoo wote unakuja nawe usikose, Jumamosi hii, tarehe kumi na nne.