Bundi wa Saa Nane Mchana ni Mama Mkwe

Shangazi mshauri, nakuamkia kwanza maana nimelelewa, na baada ya hapo naomba uniokoe, kwa sababu Jumamosi watu wanakuja na ngazi nyumbani kwangu kumtafuta ndege ambaye hayupo, na aliyepo ni mama mkwe wangu.

Mimi ni fundi friji. Miezi minne iliyopita nilitengeneza friji ya chanjo ya daktari mmoja wa mifugo, na nilipokuwa nakaza skrubu ya mwisho nikamwona anaelekeza simu kwa nondo aliyetua ukutani, simu ikamtaja nondo kwa jina, nikasema daktari, hicho nini tena, naye akaniwekea hiyo programu palepale: unapiga picha mdudu au unarekodi sauti ya ndege, inakwambia ni nani, unatuma, na wenzako kundini wanathibitisha. Shangazi, nilinasa. Nikawa naacha friji za watu matumbo wazi, mimi niko uani nanyatia kipepeo, mke wangu anasema afadhali ningekuwa mlevi angejua pa kunitafuta. Lakini kundini tuko watu arobaini na mimi nilikuwa wa mkia, aina kumi na moja tu, tena kuku wa jirani nilimtuma mara nne akakataliwa mara nne.

Sasa mama mkwe alikuja kwetu kutibiwa goti. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa heshima zake, na tangu siku niliyoposa hajawahi kunikubali vizuri, maana siku ile aliniuliza mbele ya wazee, "Fundi friji, na mbona nasikia kwako maji yanatoka mtungini?" Kila akishakula mchana hujinyoosha chumbani kwake. Jumapili moja saa nane mimi niko nje chini ya dirisha lake namvizia ndege chozi kwenye maua, programu inasikiliza, ghafla simu inatetemeka: BUNDI, uhakika asilimia tisini na moja. Nikatazama mti, hakuna, nikatazama paa, hakuna, nikarekodi tena, tisini na nne, nikatuma kwa furaha bila kufikiri, na ndipo yule bundi akapiga chafya na kusema, "Nani huyo dirishani?"

Ningefuta palepale, Shangazi, najua. Ila nilipofungua simu pongezi zilikuwa thelathini na saba, na daktari ameandika, "Bundi anayelia mchana kweupe! Sikilizeni anavyonyamaza kabisa, sekunde kumi kimya, halafu anaanza tena kwa kishindo. Sijapata kusikia!" Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunipongeza kwa jambo, friji ikipona watu wanasema ilikuwa imelegea waya tu. Basi nikanyamaza. Na kesho yake, naungama, nikarekodi tena, nikatuma. Na keshokutwa.

Juzi wakaja watano wa kundini, daktari akiwemo, na darubini, wakasimama kwenye ua. Mama mkwe akawaona, akatoka na fimbo yake. "Wanangu, mnachungulia nini kama wezi? Ingieni, wageni hawasimami nje." Akawaandalia chai. Daktari akamwambia, "Mama, mkwe wako ni mtu mkubwa, amegundua ndege wa ajabu hapa kwenu." Mama mkwe akanitazama, Shangazi, vile ambavyo hajawahi kunitazama, akasema, "Mkwe wangu huyu? Mimi nilimwona tangu mwanzo kuwa ana akili." Halafu akaomba ruhusa akainue miguu kidogo. Dakika kumi hazijapita, tuko barazani, sauti ikaanza. Daktari akaniminya mkono, machozi yanamlengalenga. "Huyo! Yuko ndani ya dari!"

Ndiyo maana Jumamosi wanaleta ngazi. Mama mkwe naye ameambiwa kuna bundi juu ya kitanda chake, hataki kulala humo, mke wangu anataka tufukize moshi, na mimi nimekonda. Nikisema kweli, nitakuwa nimemwita mama wa mke wangu bundi mbele ya watu arobaini. Nisiposema, watapasua dari. Nimefikiria hata kutafuta bundi wa kweli nimpandishe huko juu. Nifanye nini?

Mkwe Mwenye Hofu


MAJIBU YA SHANGAZI

Mkwe wangu wa friji, marahaba. Nimecheka mpaka miwani ikadondoka, sasa nimeivaa tena ili nikugombeze vizuri.

Kosa la kwanza si lako. Simu ilisikia mkoromo ikadhani bundi, na wewe ukaamini. Hilo lingemtokea yeyote. Lakini siku ya pili ulikwenda dirishani ukijua unachokwenda kurekodi. Mtu mzima, baba wa nyumba, umechuchumaa kwenye maua kuvizia usingizi wa mama mkwe! Huna hata aibu ya kukuzuia kukunja goti? Na wale wenzako wanatunza kumbukumbu za viumbe kwa moyo mweupe, wewe unawatilia mchanga kwenye unga. Huyo bundi wa kweli mwache alipo, ana shughuli zake.

Sasa nisikilize. Umeandika jambo moja ukalipita mbio kana kwamba ni sifa: mama ananyamaza kabisa, sekunde kumi, halafu anaanza tena kwa kishindo. Baba, hapo ndipo kicheko kilipoishia kwangu. Mtu anayekoroma hivyo na pumzi ikakatika anahitaji kuonwa na daktari, na simsemi wa mifugo. Usizifute sauti hizo simuni mwako kabla daktari huyo hajazisikia. Kundini zifute leo, zote tatu.

Anza na mkeo, leo hii, kabla ya chakula. Kisha nendeni wawili kwa mama. Usimwambie umesimama, usimwambie huku unashika simu. Kaa chini mbele yake, mwombe radhi, useme lote, na neno bundi litoke kinywani mwako mwenyewe asije akalisikia kwa jirani. Kundini andika mistari miwili: sauti ilikuwa ya binadamu, nilijua, nimekosa. Wakiuliza binadamu yupi, jibu kwamba ni wa nyumbani kwako na inatosha. Aibu ya kundi ibebe peke yako; mama hakuomba kupanda jukwaani.

Ngazi isifike.

*

Wasomaji, kwa kuwa Jumamosi ilikuwa karibu, majibu haya nilimsomea kwa simu kwanza. Jana amenipigia, ameniruhusu niwaambie.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho. Akauliza, "Asilimia ngapi?" Mkwe akasema, "Tisini na nne, mama." Mama akasema, "Darasani kwangu hiyo walipata wawili tu miaka yote," akacheka mpaka mke wa fundi akainuka kumletea maji. Halafu akaacha kucheka, akamgombeza saa nzima. Haki yake.

Hospitali walisikiliza zile sauti, wakamlaza usiku mmoja wampime, na wameona kweli pumzi hukatika. Ameanza matibabu. Kundini fundi aliandika ile mistari miwili, na ngazi haikufika. Daktari wa mifugo alinuna siku mbili, siku ya tatu akaja mwenyewe kumjulia hali mgonjwa, akamwekea na yeye ile programu.

Fundi anasema sasa akitoka kazini anakuta mlangoni amewekewa kiti cha mama akibebe, na mama mkwe keshavaa viatu, anamsubiri waende wakatafute vipepeo kabla jua halijazama.