Mtihani wa Kifaransa na Kibanda cha Nyakach

Bujumbura, Jumapili

Mama Otieno wangu,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye ziwa la wenyewe. Mwili wangu ni mzima, na kama wewe na watoto mko salama hapo Manyatta, basi nusu ya shida zangu imepungua. Kifua cha Akinyi kimepona? Na paa, bado linavuja upande wa jikoni, au mwenye nyumba amekumbuka kwamba sisi pia ni watu? Nijibu yote, hata madogo.

Barua yako ilifika wiki ile ile ya mtihani wangu, na tangu hapo usingizi wangu si usingizi. Nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Unasema Baba alikuita Nyakach, akakukalisha mbele ya wazee, akakueleza kwamba ndugu yangu Ouma amechoka kungoja. Ana mke, mke ana mimba, na bado wanalala katika simba, ile nyumba ndogo ya vijana, kwa sababu mimi mkubwa wake sijajenga, na mdogo hawezi kumruka mkubwa. Kwa hivyo wazee wameona kijengwe kibanda kwa jina langu, Ouma apate kupita. Kisha ukaandika: "Baba anasema ni cha kumpisha Ouma tu. Lakini mimi Mmaragoli nimekaa na nyinyi Wajaluo miaka ya kutosha. Kibanda kama hicho najua mnamjengea nani."

Unajua vizuri. Hujengewa mtu aliyefia mbali bila nyumba, maiti yake ipate mahali pa kulala kabla ya kuzikwa. Nilikasirika, Mama Otieno. Nilimkasirikia Baba, nikamkasirikia Ouma, kisha hasira ikaisha nikabaki na woga.

Sasa nikueleze habari za mtihani. Bwana mkubwa wa karakana alisema tangu mwanzo kwamba fundi asiyejua Kifaransa hapandi cheo wala hapewi likizo ya kwenda mbali. Basi nikaingia darasa la jioni, mimi mtu mzima mwenye grisi kwenye kucha, nimekaa kwenye dawati la watoto magoti yakitafuta kidevu. Mwalimu wetu ni mama wa hapa hapa, sauti yake ni ya upole lakini kwa vitenzi hana huruma. Ametufundisha kusema mambo yaliyokuwa yakifanyika zamani, siku nenda siku rudi. Unachukua kitenzi cha kawaida kama habiter, yaani kukaa mahali, unakisema kwa sisi: nous habitons. Unakata ile -ons ya mwisho, unatia mikia mipya. J'habitais, tu habitais, il habitait, nous habitions, vous habitiez, ils habitaient. Minne kati ya hiyo inasikika sawa kabisa, na bado wanaiandika kwa namna tatu, sijui walikuwa wanamficha nani. Lakini nilikazana. Nilikuwa naiimba nikifungua injini za meli, wenzangu wakidhani nimerukwa na akili.

Siku yenyewe nikaitwa mbele. Mwalimu amekaa na bwana mkubwa. Wakanipa kitenzi hicho hicho, nikakitiririsha bila kukwama. Kisha mwalimu akataka nijieleze mwenyewe: kabla ya kuja hapa nilikuwa nikikaa wapi? Nikajibu kwamba ninakaa Nyakach. Akanirekebisha, akasema ya zamani ndiyo tunayotaka. Nikamwambia Mjaluo hasemi alikuwa akikaa kwao, kwao ni kwao hata akiwa mbali. Akaacha Kifaransa, akaniuliza kwa Kiswahili, bila ubaya wowote, "Una nyumba huko?"

Manyatta tumepanga chumba. Nyakach simba yangu iliangushwa na mvua tukiwa mjini, na kila Krismasi nikawa naahidi kwamba mwaka ujao nitatoka kwa Baba nianze boma langu. Nikasema polepole, nous habitions à Manyatta, tulikuwa tukikaa Manyatta, na machozi yakanilenga mbele ya watu.

Nilipita. Bwana mkubwa akanipa mkono, akaniambia sasa mimi ni msimamizi, na msimamizi mpya haondoki mwaka mzima. Nikauliza tena nikidhani Kifaransa kimenitoroka. Hakikunitoroka. Kumbe miezi yote ile nilikuwa nikisokota kamba ya kujifungia.

Najua utasema kazi haiokotwi njiani. Najua pia hujawahi kupenda kuhamia Nyakach, uache meza yako ya nguo pale Kibuye, ukaishi na Mama akikuangalia unavyosonga ugali. Sikulaumu hata kidogo. Lakini kibanda kile kikisimama, mimi nitakuwa nimeshazikwa kwa maneno, na wewe utakuwa mjane ambaye mumewe anaandika barua. Hilo siliwezi. Jana asubuhi nilirudi kwa bwana mkubwa nikamwomba usimamizi ampe mwingine. Amempa fundi mmoja wa Uvira. Mimi nimeruhusiwa kuja nyumbani, ila hakuahidi kwamba nikirudi nitakuta nafasi. Naogopa, sikufichi.

Tafadhali nenda Nyakach kabla wazee hawajakata miti. Mwambie Baba hivi, kwa maneno yangu: "Okello yu hai. Anakuja kujenga mwenyewe." Ouma naye avumilie kidogo tu.

Nisalimie Mama na magoti yake, dada yangu aliyeolewa Kendu Bay, na yule jirani yetu mshonaji anayekusaidia kubeba mizigo sokoni. Watoto waambie baba yao anawawaza kila akila samaki wa huku, ambao ni wadogo na hawana ladha.

Jambo la mwisho. Mtafutie Otieno jogoo. Yeye ndiye mtoto wetu wa kwanza, atambeba siku tutakapotoka kwa Baba kwenda kuanza boma letu, mimi nikibeba shoka na wewe ukibeba moto. Kama hutaki kuubeba huo moto, niandikie upesi. Sitapanda meli kabla ya kusikia kutoka kwako.

Ni mimi mumeo,
Okello, Baba Otieno