Wa Kumi Aliyekaa Ng'ambo ya Barabara

Shemeji Natani,

Barua ya mtu wa pwani huanza kwa salamu, ikafuata hali za nyumbani, kisha dua. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha watoto wote waliopita darasani kwangu. Wewe sikusalimu. Pole ninakupa, kwa sababu mkeo Raheli alikuwa mtu mwema na amefariki, na pole ni haki ya mfiwa hata akiwa mtu mbaya. Yanayofuata ni yako, na ni ya yeyote atakayependa kuyasoma. Nimeiacha barua wazi makusudi.

Nianze na yaliyokuwa matamu, ili ujue uzito wa ulichokivunja.

Unazikumbuka Ijumaa zetu. Wageni hushangaa kusikia kwamba Bagamoyo kuna Wayahudi. Hata majirani kwa miaka mingi walidhani sisi ni Wasabato waliokosa kwaya. Huwa nawaeleza kwa subira. Mababu zetu walikuwa mafundi wa fedha waliotoka Yemen, wakaoa hapa, wakawa watu wa hapa, ila taa ya Ijumaa jioni hawakuiacha. Sabato yetu huingia jua linapozama Ijumaa na hutoka nyota zinapoonekana Jumamosi. Katikati hapo hatuwashi moto wala hatupandi gari. Ndiyo maana ulipohamia Chalinze kuuza matairi, ilikubidi ufike Bagamoyo Ijumaa mapema na kulala kwangu, katika chumba cha uani. Dada yako Dina, mke wangu, alikitandika kitanda chako tangu Alhamisi.

Tulikwenda pamoja kununua samaki. Sisi hatuli asiye na magamba, na kwa mtu wa Bagamoyo kuishi bila pweza ni mtihani. Yule muuzaji mnene alikuwa hachoki kututania.

"Mwalimu, pweza laini huyu, leo nakupa bure!"

"Hana magamba, bwana."

"Ngoja basi nimshonee!"

Ulicheka mpaka ukashikilia meza ya watu.

Nyumbani Dina alikuwa amekwisha bandika chungu cha kunde na nazi. Kabla jua halijazama alikifukia kwa makaa na majivu, ili Jumamosi mchana tule cha moto bila kuwasha moto. Wewe ulikuwa na tabia ya kunyemelea kifuniko. Alikupiga mkono kwa mwiko akisema, "Tumbo lako hili halijui Sabato!" Kisha tuliingia chumba cha mbele, ndiyo sinagogi yetu, baba yenu akaongoza sala na wewe ukaimba. Sikufichi: hapakuwa na sauti kama yako. Majirani waliokuwa wakitoka kuswali magharibi walisimama dirishani kukusikiliza. Na Jumamosi jioni, tulipopitishiana karafuu za kunusa kuiaga Sabato, Dina alikupa wewe kwanza. Mimi mume nilingoja zamu yangu, na nilipenda kungoja.

Baba yenu alipofariki, jamaa walinichagua mimi niongoze sala. Sikuomba. Walitaka mtu wa kuwasomea Torati na kuwafafanulia. Wewe uliamini kwamba sauti inatosha, tena wewe ndiye mtoto wa marehemu. Uliniambia mlangoni, "Umekaa kwenye kiti cha baba yangu." Tungeweza kutukanana siku hiyo yakaisha, maana shemeji na shemeji wana ruhusa hiyo. Hukunitukana. Ulingoja.

Kisha Dina akafa.

Msomaji asiyejua mambo yetu aelewe hapa. Mfiwa Myahudi husema sala iitwayo Kadishi. Haitaji kifo popote; ni kumtukuza Mungu mbele ya watu wakati moyo wako hautaki. Lakini haisemwi peke yako. Lazima wawepo wanaume kumi watu wazima wa kuitika amina. Wakiwa tisa, hata kama wote ni wacha Mungu, mfiwa anafunga mdomo. Na Torati pia haitolewi kabatini kusomwa mbele ya watu. Sisi Bagamoyo tulikuwa kumi kamili, na wa kumi ulikuwa wewe.

Sabato ya kwanza baada ya matanga tulikaa tukakungoja. Nilidhani umekwama Chalinze. Nilikuombea radhi mbele ya wenzangu, nikasema labda gari lilikuharibikia. Ndipo mpwa wako Ezra alipochungulia dirishani akaniashiria. Nikaenda kutazama. Ulikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye baraza ya jirani yetu Bi Zena, kanzu nyeupe, mguu juu ya mguu. Ulikuwa umefika Ijumaa kama kawaida, ukalala nyumba ya wageni, ukaja kukaa mahali ambapo nitakuona.

Bi Zena mwenyewe alinisimulia mliyosemezana.

"Baba, vuka barabara. Wenzio wanakungoja wamwombee dada yako."

"Wana imamu wao mpya. Awatafutie yeye wa kumi."

"Dada yako huyo, Natani! Tumbo moja!"

"Mwache mwalimu afafanue."

Yule mama Mwislamu, ambaye hakuwa na wajibu wowote na Kadishi yetu, alikunyang'anya kikombe cha kahawa mkononi na kukimwaga uchochoroni. "Baraza yangu haikai mtu wa namna hii," alisema. Uliondoka taratibu, bila kugeuka. Sisi tuliomba kila mtu kimyakimya. Sabato ya Dina ilipita bila Kadishi. Hukurudi tena, na tangu hapo tumebaki tisa.

Sasa Raheli amefariki, na ujumbe wako umefika kwenye simu yangu: "Shemeji, Ijumaa naja. Naomba nisikose watu." Uliandika shemeji. Nilisoma neno hilo nikacheka peke yangu jikoni.

Ezra alinipa shauri. "Mwalimu, Ijumaa mchana nenda Mbegani ukalale kwa rafiki yako. Jua likizama huwezi tena kupanda gari kurudi. Atahesabu atakuta tisa, aione ladha yake." Sitakudanganya: nilifunga mfuko. Nilikunja kanzu, nikatia miwani na mswaki. Nilikuona moyoni ukitazama mlango, na picha hiyo ilinilaza usingizi mzuri kuliko wote tangu nifiwe.

Kilichonifanya nifungue mfuko ni Raheli. Ndiye aliyemwosha Dina. Ulipokuwa ukipanga kisasi chako, mkeo alikuwa amekunja mikono ya gauni akimmwagia maji dada yako. Nikikunyima wa kumi, ninamnyima yeye.

Ninajua sheria, shemeji, na nitakufafanulia kama ulivyotaka. Kisasi ni kukunyima ulichoninyima. Kinyongo ni kukupa huku nikikukumbusha kwamba ulininyima. Torati imekataza vyote viwili. Nimepima, nikachagua dhambi ya pili. Nitaibeba kwa miguu yangu mwenyewe.

Kwa hiyo njoo. Chumba cha uani hakina kitanda tena. Nyumba ya wageni unaijua. Chakula cha Sabato hutakipata mezani kwangu. Mkono wangu usiutafute. Sinagogi ni ya Mungu, ingia. Mtakaa na mtahesabu, nanyi mtakuwa tisa. Mimi nitakuwa kwa Bi Zena, nimekwisha mwomba ruhusa, naye amesema kahawa itakuwepo. Utanitazama dirishani kama nilivyokutazama. Nitainywa taratibu. Nikiimaliza nitavuka.

Kisha utasimama useme Kadishi ya mkeo, na mimi nitaitika amina kwa nguvu kuliko wote, Sabato hii na zote zitakazofuata mpaka maombolezo yako yaishe. Utanihitaji kila mara. Na kila mara nitakuwepo.

Ni mimi,
mume wa dada yako.