Unga Ukiumuka Mlango Haufunguliwi

Dealu Nucii, 6 Machi

Dada yangu mpendwa Zenovia,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini mgongo umekupa nafuu, na wale wazee wa Kihispania unaowatunza hawakuchoshi kupita kiasi. Mimi ni mzima, tena nimezidi kuwa mzima pande za tumbo.

Kwa masikitiko na heshima zote, natangaza kwamba jogoo wetu amekataa kula kozonaki yangu. Aliizunguka, akaidonoa mara moja, akanitazama kama hakimu, akaenda zake. Kuku wote wakamfuata.

Usicheke. Nimeamua kuoka kozonaki, ile mikate mitamu ya Pasaka, na kuiuza, kama alivyofanya marehemu mke wangu Saveta kila mwaka. Watu bado wananisimamisha njiani: "Gavril, zile kozonaki za Mama Saveta, mwaka huu pia hakuna?" Nimechoka kujibu hakuna. Tanuri lake limekaa baridi tangu tulipomzika, na nyumba inanuka kama kituo cha treni. Kuoka nilishiriki miaka yote: yeye alikuwa kichwa, mimi mikono. Sasa imebaki mikono. Kuuza ndiko sikujui kabisa. Wewe uliwahi kuuza maua sokoni, nifundishe.

Kuhusu binti yangu Ilinca, bado kimya. Tangu aliponitaka nihamie kwake Torino, Italia, nami nikakataa, simu zake zilifupika, kisha zikakoma. Zangu hapokei. Sikuombi kitu. Nakuambia tu.

Mdogo wako,
Gavril


Castellón, 19 Machi

Mdogo wangu Gavril,

Barua yako nimeipata kwa dereva wa vifurushi, pamoja na asali. Ahsante. Mgongo unauma kama kawaida. Nausifu kwa uaminifu wake.

Sasa sikiliza. Jogoo si mteja. Wateja wako ni watu waliofunga Kwaresima, ambao hawajaonja siagi wala yai kwa majuma, na usiku wanaota vitamu. Usingoje Juma Kuu. Tangaza sasa, wakiwa na njaa.

Oka vimikate vidogo vya mfungo, bila maziwa wala mayai, lakini ujaze njugu za jozi za kusaga, zilezile za kozonaki. Waonjeshe wakitoka kanisani. Kisha chukua oda, uoke kwa idadi ya oda, usije ukabaki unakula mwenyewe. Ukipiga picha, kata kozonaki katikati ule mzunguko wa jozi uonekane. Hakuna anayetamani ganda.

Tangazo liwe fupi. Andika ukweli, lakini usiandike wote. Nakujua.

Ilinca ni mtoto wa mama yake na pia ni wako. Nyumba moja, nyumbu watatu wakaidi.

Dada yako,
Zenovia


Dealu Nucii, 2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo ya mbali. Sisi tuko salama, mimi na jogoo, ingawa hatuongei.

Vimikate viliisha kabla padri hajavua joho. Pantelimon wa posta alikula vinne akasema anahakikisha havina mayai. Mke wa padri, Minodora, alinipigia picha ile kozonaki iliyokatwa, akaiweka kwenye kundi la simu la watu wa kijiji, wakiwamo wale walioko nje. Tangazo nililiandika mwenyewe. Hili hapa:

"Kozonaki za Pasaka, kwa mkono wa mjane wa Saveta. Ya kwanza ilikataliwa na jogoo. Hizi ni bora. Toeni oda kabla ya Jumapili ya Matawi. Alhamisi Kuu msije: unga utakuwa unaumuka na mlango haufunguliwi, hata agonge askofu."

Minodora alitaka kufuta jogoo na askofu. Nilikataa. Oda zimeshapita idadi ya mikebe ya kuokea, na sasa nazunguka nikiazima kwa majirani.

Lile la mlango ni sheria ya Saveta, unaikumbuka. Baridi ikiingia unga unanywea, na sauti ikipazwa, kwa imani yake, unashtuka. Ilinca akitoka shule alikuwa akikaa kwenye ngazi nje, kimya kama paka, mpaka mama yake amwite. Mimi nilifungiwa humo ndani, kwa soksi tu, viatu visipige kelele.

Mdogo wako,
Gavril


Castellón, 8 Aprili

Gavril,

Hujambo? Naandika kwa haraka, dereva anapiga honi. Ilinca alinipigia simu, nikamsomea tangazo lako. Pale pa askofu alicheka. Akauliza, "Shangazi, amewasha tanuri la mama?" Nikasema amewasha. Akaaga.

Sijui zaidi ya hapo, wala usiniulize.

Dada yako,
Zenovia


Dealu Nucii, 18 Aprili

Dada yangu Zenovia,

Kristo amefufuka. Naomba na mgongo wako ufuate.

Kwanza taarifa rasmi, ile niliyowapa wateja. Alhamisi Kuu upepo mkali ulisukuma mlango, baridi ikaingia, unga ukanywea. Kozonaki zote zikatoka bapa kama kofia iliyokaliwa. Niliwaambia asiyetaka asichukue. Walichukua wote. Pantelimon alisema, "Afadhali, mwaka huu inaenea kwenye begi." Zinalika, dada. Hata jogoo alikula, ila kwa mkono wa mtu mwingine, msaliti yule.

Upepo haukuwapo. Wewe nakupa ya kweli.

Unga ulikuwa kwenye kihori cha kukandia, umefunikwa blanketi la Saveta, umeshapanda hadi ukingoni. Nilikuwa nimekaa kando yake kwa soksi. Mlango ukagongwa, polepole. Nikadhani ni Minodora anaongeza oda. Ukagongwa tena, kwa kucha tu. Nikanong'ona, "Nani?"

Nikangoja. Mtu wa kijiji hiki asipofunguliwa huita jina lako mpaka mbwa wa bonde zima waitikie. Minodora angeimba. Pantelimon angegonga dirisha. Huyu hakuita. Nikasikia anaweka mzigo chini, halafu anaketi kwenye ngazi taratibu, kama mtu anayejua kungoja kwa mlango huu.

Duniani Saveta alimfundisha mtu mmoja tu kuketi vile.

Nikautazama unga. Najua Saveta angesema nini: mtoto akingoja hanywei, unga unanywea. Miaka yote nilimtii. Nikasimama, nikafungua mlango wote.

Ilinca aliinuka, na sanduku lake miguuni. Amekonda. Akanong'ona, "Baba, funga, unga utanywea."

Nikamwambia, "Na unywee."

Nilisema kwa sauti, dada, sauti kubwa, ndani ya nyumba ile. Akaanza kucheka na kulia pamoja, nami sikubaki nyuma. Tulisimama kizingitini tumeshikana, baridi ikipita katikati ya miguu yetu mpaka kwenye kihori, na hakuna hata mmoja wetu aliyenyoosha mkono kuufunga ule mlango.

Mdogo wako,
Gavril