Ng'ombe Aliyekwama Kwenye Kioo

Nyasubi, Kahama
Jumanne

Dada yangu Coletha,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Goti linaendeleaje tangu mvua zianze huko Ushirombo? Na shemeji, kifua kimetulia? Sisi huku wazima kwa neema ya Mungu, ila mwenzio roho imechafuka.

Nilikwambia parokia imenipa kusimamia darasa la kuchapa, kompyuta sita na ile programu inayofundisha vidole. Kioo kinaonyesha neno, mwanafunzi analichapa, akipatia linakuja jingine. Tukaona tuongeze somo la maneno ya kwetu. Kumbe tumejitafutia balaa! Neno la kwanza lilikuwa ng'ombe, na pale penye ritifaa, kile kialama cha juu, kikatokea kisanduku kitupu. Mwanafunzi akibonyeza ritifaa, inawaka nyekundu ya kosa. Akiiacha, nyekundu. Hasogei mbele hata herufi moja. Wiki mbili nzima, dada! Vumilia, mwanafunzi wangu mwenye mdomo, akasema Msukuma kushindwa na ng'ombe ni aibu ya kumhamisha mtu mkoa. Wenzake wakacheka. Mimi nilitamani kuitupa nje ile mashine.

Fundi wetu ni Donatus, yule mwanangu wa ubatizo, mtoto wa marehemu Sesilia. Sasa ana mke na watoto wawili. Aliifuta programu akaiweka upya mara tatu, kisanduku kiko palepale. Kamati ya parokia ikamwita. Mwenyekiti, mzee Magesa, akasema huyu katuletea virusi kwa flashi zake za Rwamgasa, anakotengenezea wachimbaji simu. Akauliza nani aliingiza somo lile. Donatus akajibu ni yeye. Wakamnyang'anya ufunguo wa darasa, na jumuiya zote za parokia zikaambiwa zisimpe kazi.

Siku tatu baadaye nikavaa miwani, nikafungua pale masomo yanapoandikwa, nikasogeza uso hadi karibu nilambe kioo. Kwenye somo la zamani ritifaa imesimama wima kama sindano. Kwenye letu imepinda kama mundu, na iliyopinda haipo kwenye kibodi. Programu ilikuwa inadai kitu ambacho mtu hana pa kukibonyeza! Nikaifuta, nikaweka ile iliyonyooka, ng'ombe akapita. Jumapili nikapigiwa makofi kanisani, eti Mama Vaileth kamshinda fundi. Nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu.

Sasa dada, nikutolee la moyoni. Somo lile niliingiza mimi. Donatus alikuwa Rwamgasa, nikaona ananichelewesha, nikaliandika kwenye programu ya kuandikia barua, ambayo hupindisha ritifaa yenyewe bila kuombwa, kisha nikalihamishia huku. Mzee Magesa alipouliza, Donatus alinitazama. Mimi nikatazama rozari yangu. Ndipo akasema ni yeye.

Jana nimekutana naye sokoni. Akanipa shikamoo mama kama siku zote, akaniuliza kama ng'ombe sasa anatembea. Badala ya marahaba, dada, nikamwambia nitasema ukweli kanisani. Akanisihi niache, eti aibu ya mama ni ya mtoto. Nimekataa. Nimemwomba padre dakika mbili Jumapili ijayo baada ya matangazo, naye bila kuuliza la nini akanipa tano.

Nimetaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Niombee sauti isinikauke. Vaileth anawaamkia, nami namsalimu shemeji na wote wa hapo nyumbani. Mungu awafunike.

Mdogo wako,
Melania