Swali la Tisa na Sili Nzima

Mweri, leo usinicheke. Nimejibanza nyuma ya kibanda cha mkaa hapa Changamwe.

Ule mtihani wa kazi ya ukarani, pale yadi ya makontena. Swali la tisa: "Sili ya mlango wa kontena haijakatwa, kwa hivyo hakuna kilichoibwa. Mwenye hoja hii amechukulia nini bila kukisema?"

Mimi na ujuaji wangu! Nikaandika: amechukulia kwamba kontena haifunguki bila kukata sili, kile kifungo cha mlangoni kinachofungwa mara moja tu. Ningeishia hapo. Nikaongeza kwamba ukilegeza nati za kitasa, mlango wafunguka na sili yabaki nzima. Si unajua niliuza chai getini miaka mitatu, nikisikia kila porojo la wapakiaji?

Meneja, Bwana Erastus, akaniita ofisini akafunga mlango kwa ufunguo. Kwa ufunguo, Mweri!

"Nani amekufunza haya?"

Nikatania, "Njaa, baba."

Hakucheka. "Wiki jana kontena ya nguo ilikutwa tupu, sili nzima. Polisi wenyewe hawajui ilifunguliwaje."

Nikajua nimekwisha, anidhania mwizi. Nikaapa kwa jina la mamangu.

Akaniinamia, jasho lamtiririka. "Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna, baba."

"Basi kazi umepata. Jumatatu. Meza yako itakuwa kando ya yangu."

Shoga, na mimi pia nilichukulia jambo bila kulisema: kwamba anayeuliza hivyo anamtafuta mwizi, kumbe alitaka kujua siri yake imefika wapi.

Nimemwambia hakuna anayejua. Sasa wajua wewe. Ujumbe huu usiufute.