Aliyeoshwa Badala Yako

Baba Zena,

Safari hii umekufa kweli, na hakuna hata mtu mmoja aliyenipa pole. Pole zako zote zilikwisha ile mara ya kwanza. Wanawake wa mtaa wetu wa Oli walijaa uani, wakanipikia, wakanishika mikono, nami nikagaragara chini kama mlivyonifundisha wewe na Alfonse. Leo ningelia bila kufundishwa, lakini mimi niliye mke wa Juma sasa nitakulilia kwa kisingizio gani?

Ulisema ni jambo la wiki chache tu. Lori lako litapinduka njia ya Koboko. Alfonse, dresa wa hospitali, mfunga vidonda, atatafuta maiti isiyo na mwenyewe, maana mwaka ule hazikukosekana, ataifunga bendeji kichwa kizima na kusema huyo ndiye wewe, Rajabu. Bima italipa, mimi na mtoto tutakufuata Kongo. Ulicheka mpaka ukapaliwa na chai. "Mama Zena, kufa iko kazi rahisi sana," ukasema. Nilikupenda, mjinga wee, nikacheka pia.

Baba yako ndiye aliyekuja bila kutazamiwa. Alfonse alimwambia maiti imeharibika, aizike tu. Mzee akamsukuma. Mwanawe hataoshwa na mtu wa hospitali. Akaingia na mdogo wako Juma, na Juma alimimina maji uso kaugeuzia ukutani kwa kilio. Mzee alitoka mikono imelowa, akaswalisha mwenyewe. Nikadhani tumepona.

Bima hawakulipa. Ilitoka amri Wahindi waondoke, na yule wakala aliyekukatia bima akaondoka na masanduku yake. Ofisi ikafungwa. Ulikufa bure, Baba Zena.

Eda ilipokwisha, mzee aliniita akasema Juma atanioa, nisitoke nje ya ukoo. Ningesema nini? Nikisema mume wangu yu hai, mimi na Alfonse tungechukuliwa na askari, na wanaochukuliwa siku hizi hawarudi. Mzee alinitazama kwa muda mrefu. Nikainamisha kichwa. Sasa Zena anamwita Juma baba. Juma ni mtu mwema, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kisha ukarudi. Macho ya manjano, tumbo limejaa maji, jina lako Petro kutoka Kongo. Alfonse alikulaza kitanda cha mwisho wodini, akaniita. Ukaniuliza kwa nini sikukufuata. "Mama Zena, rudisha mi nyumbani." Nyumbani gani, wewe mwanaume? Nilikuambia habari za Juma, ukageukia ukuta. Maneno makali niliyokuwa nimekuwekea akiba miaka yote niliyasema yote, nawe hukuwa na nguvu ya kujibu. Nisamehe. Hapana, usinisamehe. Uliyastahili.

Ulipokata roho nilipanda gari la Koboko siku hiyo hiyo. Nikapiga magoti mbele ya baba yako, nikamwambia ukweli wote, nikamwomba aje akuoshe japo kwa siri, usizikwe chini ya msalaba. Alikuwa anamenya karanga. Hakuacha.

"Mwana yangu mi naosha zamani," akasema. "Ule mutu haikutahiriwa. Mi naona, mi nanyamaza. Kama Rajabu nataka kufa, basi iko kufa. Mutu moja haizikwi mara mbili. Wewe iko bibi ya Juma. Rudi, pika."

Alijua! Tangu siku ile ya kuosha. Mlifunga kichwa bendeji, mabingwa nyie, mkasahau kwamba mtoto wa Mwislamu hatambulikani kwa uso peke yake. Alijua, na bado akanioza kwa mdogo wako. Alinitazama vile akingoja nifungue mdomo niseme mume wangu yu hai, nami sikuufungua. Tangu hapo nashindwa kula.

Hospitali imekuzika nyuma ya uzio, na msalaba wa vijiti umewekwa juu yako. Hakuna jamaa aliyekuosha, hakuna aliyekuswalia. Juma yeye kila Ijumaa anaendelea kwenda kaburini kumsomea dua yule mgeni aliyezikwa kwa jina lako, anasema anakukumbuka sana. Namwacha aende.

Mimi nikitokwa na machozi jikoni nasema ni moshi. Nikijifunika shuka, Juma anauliza kama nina malaria, ananiletea maji. Mahali pa kukulilia sina, hata kipembe.

Kwa hiyo sikia ahadi yangu, halafu ulale. Baba yako kifua kinambana, hafiki mbali. Siku atakayokufa nitajitupa uani kwake mbele ya watu, nitapiga yowe mpaka wanaume watoke kunitazama, na hawataweza kuninyamazisha. Koboko nzima itasema hawajaona mwanamke aliyempenda baba mkwe namna hii. Waseme. Nitakuwa nakulilia wewe.

Mimi,
Mama Zena